Kusafisha Tangi Dogo la Samaki Bila Kuwamaliza Bakteria Wake

Tangi langu la kwanza, la lita 40, nililisafisha usiku wa kuamkia Idi kwa bidii ambayo mama yeyote wa Majengo angeisifu. Niliwatia samaki ndooni, nikamwaga maji yote, nikasugua vioo kwa sabuni, nikaosha changarawe chini ya mfereji hadi maji yakatoka meupe, kisha sponji ya kichujio nikaikamua chini ya mfereji huo huo kama mtu akamuaye tui la nazi. Siku ya Idi kila mgeni aliyeingia alisifu jinsi maji yalivyokuwa yaking'aa. Siku ya tatu guppy watano kati ya wanane walikuwa juu ya maji wakihema, na kabla ya magharibi walikuwa wamekufa. Mzee aliyeniuzia samaki wale alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, ulisafisha tangi au ulifua?"

Alichokuwa akinieleza ni kwamba nilikuwa nimewaosha bakteria pamoja na uchafu. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na amonia nyingine hutokana na kinyesi na chakula kinachooza chini ya changarawe. Amonia ni sumu. Katika tangi lililokomaa, bakteria wa jamii ya Nitrosomonas huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu kwa sababu huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kisha bakteria wengine, hasa wa jamii ya Nitrospira, huigeuza nitriti hiyo kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mradi isiachwe ikalimbikizana. Bakteria hawa ni wachache sana katika maji yenyewe, kwa kuwa wengi wao hujishikiza kwenye sponji, changarawe, vioo na mizizi ya mimea. Kwa hiyo mtu anaweza kubadilisha sehemu ya maji bila hasara kubwa, lakini akiikamua sponji chini ya mfereji wenye klorini, dawa ya kuulia vijidudu majini, atakuwa amebomoa kazi iliyochukua takriban wiki 4 hadi 6 kujijenga. Tena huzaliana polepole: bakteria wa kawaida wa uozo wanaweza kuongezeka maradufu kwa chini ya saa moja, ilhali hawa huhitaji saa nyingi, wakati mwingine siku nzima.

Joto letu la pwani hulifanya kosa hilo kuwa zito zaidi. Maji ya tangi lililo sebuleni Mombasa hufika nyuzi 28 au 30 bila kifaa chochote cha kupasha joto, na kadiri maji yanavyokuwa na joto ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo. Isitoshe, ukali wa amonia hutegemea joto na pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji: kwa nyuzi 28, maji yakipanda kutoka pH 7 hadi pH 8, sehemu ya amonia iliyo na sumu kali huongezeka karibu mara kumi. Wenye kupamba tangi kwa vipande vya matumbawe na makombe ya ufuoni wanapaswa kulijua hili, kwa kuwa chokaa iliyomo huyeyuka kidogo kidogo na kuipandisha pH.

Kazi huanza siku moja kabla, kwa kutayarisha maji. Pima urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, zidisha, kisha gawanya kwa 1,000 ili upate lita. Tangi la 50 kwa 28 kwa 30 lina lita 42, pungufu kidogo kwa sababu ya changarawe. Utakachobadilisha ni robo ya maji hayo, yaani takriban lita 10, ambazo ni nusu ya mtungi wa kawaida wa lita 20. Maji ya mfereji yaache wazi ndooni kwa saa 24, ikiwezekana yakitiwa hewa kwa pampu ndogo, ili klorini itoke, au yatie matone ya kuondoa klorini yanayouzwa kwa wafugaji wa samaki. Jihadhari na pipa la nyumbani: familia nyingi hutia dawa ya maji ndani yake kwa kuogopa kipindupindu, na dawa hiyo ni klorini hasa. Maji ya mkokoteni nayo yana shida yake, kwani leo huenda yametoka mferejini na kesho yametoka kisimani. Maji mengi ya visima vyetu yana chumvi na ni mazito kwa chokaa. Samaki wa aina ya guppy na molly huyavumilia, lakini hakuna samaki anayefurahia kuhamishwa ghafla kutoka maji ya namna moja hadi ya namna nyingine. Chagua chanzo kimoja ukifuate. Na kama maji yako hutoka kwenye tangi la juu ya paa, yateke alfajiri, maana ya saa nane mchana yanaweza kukuchomea mkono, sembuse samaki.

Siku ya kusafisha, nawa mikono bila sabuni na uchomoe vifaa vyote vya umeme. Samaki waache humo humo, kwa sababu kuwakimbiza kwa wavu huwachosha kuliko usafi wenyewe. Futa utando wa kijani kwenye kioo cha mbele pekee, kwa sponji mpya isiyowahi kuguswa na sabuni. Vioo vya nyuma na vya pembeni viachie utando wao. Kisha tumia mpira wa kunyonyea maji kuvuta uchafu kutoka ndani ya changarawe, ukiuchomeka mpira, ukiuacha unyonye hadi maji yapungue weusi, kisha ukiuhamisha hatua moja. Fanya nusu ya sakafu ya tangi wiki hii na nusu nyingine wiki ijayo. Ndoo ikifika lita 10 acha, hata kama bado unaona uchafu, na maji hayo usiyamwage.

Sponji ni sehemu inayotaka utulivu zaidi, nami huiacha hadi mwisho. Itoe kwenye kichujio na uizamishe ndani ya ile ndoo ya maji machafu yaliyotoka tangini. Ibonyeze polepole, mara tatu au nne, bila kuipindua wala kuisokota, nawe utaona wingu la kahawia likitoka na maji yakigeuka rangi ya kahawa tungu. Inuse: sponji yenye afya hunuka udongo uliopata mvua, na ikinuka yai viza ujue maji yalikuwa hayapiti vizuri. Hatua ya kuachia ni pale inaporuhusu maji kupita kwa urahisi. Itabaki na rangi ya kahawia, na inapaswa kubaki hivyo. Irudishe mara moja, kabla haijakauka. Kazi hii haihitajiki kila wiki. Mara moja kwa mwezi, au mkondo wa maji unapodhoofika, yatosha. Kile kipangaboi kidogo kinachosukuma maji kinaweza kusuguliwa kwa mswaki mkuukuu.

Maelezo ya baadhi ya vichujio huagiza kubadilisha sponji au mfuko wa mkaa kila mwezi, na kwa maoni yangu agizo hilo humfaa muuzaji kuliko samaki. Sponji itupe inapoanza kumeguka tu, na hata hapo iweke mpya kando ya ile kuukuu kwa wiki 4 kabla ya kuiondoa.

Mimina maji mapya taratibu, juu ya kisahani ili changarawe isitibuke, na uhakikishe tofauti ya joto haizidi nyuzi 2. Washa kichujio, na siku hiyo wape samaki chakula kidogo sana au usiwape kabisa.

Siku mbili zinazofuata ndizo za kuangalia. Samaki wakihema juu ya maji, mapezi yakiwa yamebanwa na matamvua yamewiva wekundu, badilisha theluthi moja ya maji kwa maji yasiyo na klorini, acha kuwalisha na uongeze hewa. Ukiwa na vipimo vya matone, amonia na nitriti zote zinapaswa kusoma sifuri, na nitrati ibaki chini ya miligramu 40 kwa lita. Maji yakigeuka meupe kama yaliyotiwa maziwa, kuna bakteria wengine wanaofumka kwa wingi, na wingu hilo huondoka lenyewe baada ya siku chache. Anayesafisha tena kwa hofu hurefusha shida.

Umeme nao hukatika bila kubisha hodi. Kichujio kikisimama, bakteria walio ndani hukosa oksijeni na wanaweza kuanza kufa, hasa kwenye kichujio cha kopo lililofungwa, kwa hiyo itoe sponji uiweke ndani ya tangi penye hewa, au tumia pampu ya betri. Kama umelala na kukuta umeme umepotea usiku kucha, usiwashe kichujio papo hapo: mwaga kwanza maji yaliyotuama ndani yake, isuuze sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.