Jinsi ya Kuisuka Upya Tovuti ya Studio Yenu Wenyewe

Studio ndogo ya ubunifu hapa Mombasa hukamilisha tovuti za hoteli za Nyali na za maduka ya Barabara ya Moi kwa wakati, ilhali tovuti yake yenyewe ina picha za miaka mitano iliyopita na jina la mwenzao aliyekwisha kuhama. Si upungufu wa ustadi. Kazi ya mteja ina malipo ya awali, ina tarehe, na ina mtu anayepiga simu kuuliza imefikia wapi. Kazi ya nyumbani haina hata kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo anzeni kwa kujigeuza wateja: andikeni ukurasa mmoja wa maelezo ya kazi kama mnavyomtaka mteja awaandikie, tengeni idadi ya saa, na mteueni mmoja wenu awe ndiye mteja, asiyegusa ubunifu wenyewe na mwenye neno la mwisho. Sisi tuko watatu, na jaribio letu la kwanza lilikufa kwa sababu sote tulikuwa wabunifu na hapakuwa na wa kutuambia basi.

Chagueni pia msimu. Masika yakiingia, Aprili na Mei, hoteli nyingi za pwani hutulia na kazi za matangazo hupungua. Mkianza Novemba, kazi za Desemba zitaimeza tovuti yenu nzima nzima.

Kabla ya kuchora chochote, wekeni daftari karibu na simu. Kwa muda wa wiki mbili, kila mteja mgeni anapopiga au kuandika WhatsApp, nakilini swali lake la kwanza kwa maneno yake mwenyewe. Daftari letu lilijaa maswali matatu: nembo ni kiasi gani, itachukua siku ngapi, na mko upande gani wa mji. Tovuti ya zamani haikujibu hata moja. Ilikuwa na aya mbili juu ya falsafa yetu ya ubunifu, ambazo nadhani hakuna aliyezisoma ila mimi niliyeziandika. Maswali hayo ndiyo yatakayowapa kurasa zenu. Ikiwa hamtaki kutaja bei kamili, tajeni inapoanzia, kwa shilingi, ili asiyeiweza asijisumbue na anayeiweza asiogope kuuliza.

Sehemu inayostahili muda mwingi kuliko zote ni kazi mlizokwisha kufanya. Kila studio hushawishika kuonyesha kila kitu, na matokeo yake ni ukurasa wenye nembo arobaini zilizobandikwa kwenye vikombe ambavyo havikuwahi kutengenezwa. Chagueni sita, za aina ambayo mngependa kuitiwa tena, hata kama sizo zilizowalipa zaidi, na kila moja iandikiwe habari yake. Chini ya picha ya pakiti za viungo tulikuwa tumeandika: "Utambulisho wa chapa na ufungashaji." Sasa pameandikwa: "Muuza viungo wa Kongowea alilalamika kwamba wanunuzi walikuwa wakichukua pakiti za jirani yake wakidhani ni zake, kwa kuwa zote zilikuwa nyekundu na zote zilikuwa na picha ya mnazi. Tuliuondoa mnazi, tukabakisha rangi moja ya bizari, na tukalikuza jina la kiungo mpaka likasomeka kutoka upande wa pili wa meza." Maelezo haya ni marefu zaidi, lakini mwenye duka akiyasoma huliona tatizo lake humo. Pigeni picha ya kitu chenyewe mahali kinapotumika, hata kama jua la saa nane halina adabu ya mwanga wa studio, na ombeni ruhusa ya mteja kwa maandishi kabla ya kuichapisha.

Katika kupanga ukurasa, mimi huanzia kwenye leso zinazotundikwa Biashara Street. Pindo linazunguka, mji, yaani sehemu ya katikati, unabeba ua, na jina, yaani msemo wake, huwa moja tu, fupi, mahali pale pale. Menyu na mguu wa ukurasa ndio pindo. Kazi zenu ndizo mji. Sentensi moja inayosema mnafanya nini na mko wapi ndiyo jina. Leso haibebi majina matatu, na ukurasa wa mwanzo nao usibebe kaulimbiu tatu. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya weupe, tunayoyapenda sana sisi wabunifu, yapimeni: mwongozo wa ufikivu wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, unataka uwiano wa mng'ao kati ya maandishi na usuli wake uwe angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na anayesoma simu juani akingoja feri ya Likoni atawashukuru.

Uzito wa kurasa ndio unaowaponza wabunifu wengi wa hapa. Nyaya za baharini zilitua Mombasa mwaka 2009, ofisini intaneti inakwenda kasi, na kwa hiyo tunasahau kwamba mteja anaifungua tovuti kwa bando lake mwenyewe. Picha iliyotoka kwenye kamera ikiwa na megabaiti 5 ikipunguzwa upana hadi pikseli 1600 na kuhifadhiwa kwa WebP, muundo mwepesi wa picha za wavuti, mara nyingi hushuka chini ya kilobaiti 300 bila jicho kugundua tofauti. Google huhesabu kuwa ni vizuri ikiwa kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kimeonekana ndani ya sekunde 2.5, jaribuni kwa simu ya bei nafuu, Wi-Fi ikiwa imezimwa.

Kuhusu lugha, andikeni Kiswahili kwanza, kisha Kiingereza, kila kimoja kikiandikwa upya na mtu. Kuna faida ya kiufundi pia: kitufe kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza hupasuka kikipewa "Jinsi tunavyofanya kazi", lakini kilichopimwa kwa Kiswahili hukitosha Kiingereza. Msisahau kuutambulisha ukurasa wa Kiswahili kwa alama ya lang="sw", ili programu zinazowasomea wasioona zisitamke maneno yetu kwa matamshi ya Kizungu.

Siku ya kuhama ndiyo yenye hatari. Hakikisheni jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, liwe la .co.ke au jingine, limesajiliwa kwa jina la studio; letu lilikuwa kwa jina la fundi aliyekwisha kuhamia kwingine, na kulirudisha kulituchukua majuma. Nakilini rekodi zote za kikoa, zile zinazoelekeza tovuti na barua pepe ziende wapi, kabla ya kugusa yoyote. Mimi nilibadilisha seva, kompyuta inayoihifadhi tovuti, nikaziacha nyuma rekodi za barua pepe, na kwa siku mbili sanduku letu lilikuwa kimya nami nikidhani ni utulivu wa msimu. Kila anwani ya zamani ielekezwe kwenye mpya kwa msimbo 301, unaosema kwamba ukurasa umehama moja kwa moja, na nakala kamili ya tovuti ya zamani ihifadhiwe nje ya seva.

Fomu ya mawasiliano iulize jina, simu na shida tu, na ieleze taarifa hizo ni za nini, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Fungueni tovuti Jumatatu au Jumanne asubuhi, kamwe si Ijumaa. Kisha wapigieni simu wateja watatu wa zamani, waombeni waitafute bei ya nembo mkiwa mmenyamaza upande wa pili wa simu, na hesabuni sekunde.