Mtazame mdudu kwanza, ndipo ununue dawa ya mahindi

Ukikuta unga umemwagika chini ya gunia la mahindi, usikimbilie duka la pembejeo. Chekecha punje kidogo juu ya karatasi nyeupe, uwatazame wadudu wanaodondoka. Fukusi ana mdomo mrefu uliochongoka. Dumuzi, ambaye wengi humwita Skania, hana mdomo huo. Ana rangi ya kahawia iliyokolea na urefu wa milimita 3 hadi 4. Ukimtazama kwa juu kichwa hukioni, kimejificha chini ya kifua, na upande wa nyuma ni butu kana kwamba amekatwa kwa kisu.

Umbo hilo ndilo linaloamua dawa. Pirimifosi-methili, kemikali ya kuua wadudu, inamuua fukusi vizuri lakini dumuzi anaivumilia. Kemikali nyingine, permethrini, inammaliza dumuzi, ila kwa fukusi ni dhaifu. Ndiyo maana watafiti waliziunganisha. Soma lebo uhakikishe zote mbili zimo, kisha ufuate kipimo kilichoandikwa. Dawa feki zipo, ni kweli, lakini wapo wanaolalamikia dawa halali iliyotengenezwa kwa mdudu mwingine.

Asili ya dumuzi ni Meksiko na Amerika ya Kati. Hapa Afrika aligunduliwa kwanza Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huko kwao huliwa na mbawakawa mwenzake, Teretrius nigrescens, ambaye watafiti walimwachia Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Kwa ghala lako usimtegemee huyo; hawezi kuokoa mahindi ambayo tayari yameshambuliwa.

Pukuchua mapema. Dumuzi hutoboa kwa urahisi punje iliyoshikiliwa na gunzi. Punje iliyo huru humsumbua. Ondoa na uchome masalia ya msimu uliopita, ukague na nguzo za kihenge, kwani huishi hata ndani ya mbao na kwenye makopa ya muhogo.

Kupima ukavu, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, funga, tikisa, uache kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani, juu ya turubai.

Ukitumia mifuko ya kinga njaa, yaani mifuko isiyopitisha hewa yenye plastiki mbili ndani, dawa haihitajiki. Kamua hewa, funga kila plastiki peke yake. Usiweke humo mahindi yaliyokwisha kushambuliwa, maana dumuzi hutoboa plastiki, na tundu dogo tu linarudisha hewa anayoihitaji kuishi.