Klipu ya fyusheni ikiingia kwenye grupu, isome hivi

Jamani naona zile klipu za "wanasayansi wametengeneza jua" zinazunguka tena wasap, na ikija tu watu wanagawanyika, huyu anasema umeme wa bure huo unakuja, yule anasema uongo mtupu. Mie fyusheni, hiyo nguvu inayowasha jua, naipenda wallahi na ndo maana sitaki tuipokee kwa kudanganywa.

Kwanza hakikisha ni fyusheni kweli. Mitambo yote ya nyuklia inayotoa umeme leo inapasua atomi nzito kama uraniamu, fyusheni ni kinyume chake, viini vyepesi vya haidrojeni vinabanwa mpaka viungane viwe heliamu, joto linatoka na moshi hakuna.

Halafu, na hapa ndo pa kukaa sana, tafuta namba ya megajuli, yaani kipimo cha nishati, uigawe kwa 3.6. Unapata uniti (kilowati-saa), hizi hizi tunazonunua za tukuza, umeme wa kulipia kabla. Chukua ile ya maabara ya Livermore, Marekani, tarehe 5 Disemba 2022, walipiga leza ya megajuli 2.05 wakapata 3.15, dunia ikashangilia na ilistahiki, maana maabara haijawahi kabla yake kutoa nishati ya fyusheni kuliko ile leza iliyoingiza. Sasa gawa. 3.15 kwa 3.6 haifiki hata uniti moja, na mashine za leza zenyewe zilivuta kama megajuli 300 kwenye gridi, yaani uniti 83 hivi! Kwahiyo ukisoma "wamepata zaidi ya walichotia" uliza wameanza kuhesabu wapi, pale leza inapofika au kwenye mita?

Angalia pia imedumu muda gani. JET, mtambo wa majaribio ya fyusheni wa Uingereza, mwaka 2023 ilitoa megajuli 69 kwa sekunde kama 5, gawa mwenyewe, ni uniti 19 na kitu, kwa mafuta miligramu 0.2 tu, hata mizani ya sonara haiyashiki. Hapo ndo utajua kwanini watu hawakati tamaa.

Wakisema mafuta yake ni maji ya bahari usikatae, ila usikubali yote. Duteriamu, ile haidrojeni nzito inayotumika kama mafuta, imo, kama gramu 33 kwenye kila mita moja ya ujazo, na sie Unguja na Pemba bahari imetuzunguka pande zote. Lakini mwenzake tritiamu, haidrojeni nzito zaidi, hachotwi baharini, anapungua nusu kila miaka 12 na kidogo, inabidi azalishwe kutoka kwenye lithiamu ndani ya mtambo, na hilo hakuna aliyelifanya bado kwa kiwango cha kuendesha mtambo wa umeme.

Na ukikutana na ITER ile inayojengwa Ufaransa, lengo ni kupasha plazma, yaani ile gesi ya moto sana ya mafuta yake, kwa megawati 50 itoe 500. Usikimbilie kuzilinganisha na waya wa baharini wa Fumba unaotuletea umeme Unguja kutoka bara, wenye megawati 100, maana zile 500 ni joto, na ITER yenyewe haikupangwa kuingiza umeme kwenye gridi, ni mtambo wa majaribio.