Kabla ya kulipia hoteli ndogo ya mjini: mambo ya kuzingatia kwa msafiri wa Lubumbashi anayekusanya pointi

Sehemu ya kazi yangu ofisini, hapa Lubumbashi, ni kuwatafutia wenzangu mahali pa kulala wanaposafiri kwenda Johannesburg, Nairobi, Addis Ababa au Kinshasa. Swali ninaloulizwa limebadilika kadiri miaka ilivyopita. Zamani mtu aliuliza bei na umbali kutoka uwanja wa ndege. Leo, kabla hata hajataja mtaa anaotaka, anauliza kama atapata pointi, yaani alama ambazo kampuni za hoteli humpa mteja ili baadaye azitumie kulipia chumba. Swali hilo ni halali, ila linakuja mapema mno, hasa kwa wale wanaopenda hoteli ndogo zenye sura yake, zile za vyumba ishirini au arobaini ambazo siku hizi huitwa hoteli za butiki. Katika hoteli za aina hiyo pointi hupotea kwa urahisi kuliko katika majengo makubwa ya kampuni za kimataifa, na anayepoteza mara nyingi hugundua baada ya kurudi nyumbani.

Hesabu kwanza usiku wako wa mwaka mzima. Usihesabu safari unazotamani, hesabu zile ulizofanya mwaka jana. Pointi hutolewa katika programu za uaminifu za kampuni za hoteli, ambazo pia humpandisha mwanachama ngazi kwa usiku anaolala. Katika programu tano zinazotajwa zaidi, yaani Marriott Bonvoy, Hilton Honors, World of Hyatt, IHG One Rewards na ile ya Accor inayoitwa ALL, ngazi ya kwanza juu ya uanachama wa kawaida hufikiwa kwa usiku 10 katika mwaka, na ngazi hiyo haina mengi: pointi za nyongeza kidogo na maneno mazuri mapokezini. Manufaa ambayo msafiri huyahisi mwilini, kama kifungua kinywa cha bure au chumba bora kuliko kile alicholipia, yako juu zaidi. Kwa Marriott, kwa mfano, ngazi ya Gold inahitaji usiku 25 na bado haina kifungua kinywa. Kinaanza katika ngazi ya Platinum, ambayo ni usiku 50. Mtu anayetoka Lubumbashi mara tatu kwa mwaka, usiku mitatu kila safari, hafikii hata ngazi ya kwanza. Mtu huyo nampa ushauri ulio wazi: achague nyumba atakayolala vizuri, na pointi zikija zije zenyewe.

Thamani ya pointi nayo inahesabika, na ningependa kila mmoja afanye hesabu hiyo kwa kalamu mara moja maishani. Programu ya Accor ndiyo rahisi kuielewa, kwa kuwa pointi 2,000 hupunguza bili kwa euro 40, na mwanachama wa kawaida hupata pointi 25 kwa kila euro 10 katika hoteli zake nyingi. Bili ya euro 400 inaleta pointi 1,000, yaani euro 20, nazo hutaweza kuzitumia mpaka zifike 2,000. Hiyo ni asilimia 5, tena ya kesho. Sasa linganisha na ngazi ya kwanza ya Genius, mpango wa punguzo wa Booking.com, tovuti ya wakala wa kuweka nafasi za hoteli. Ngazi hiyo hutolewa kwa kufungua akaunti tu na hupunguza asilimia 10 siku hiyo hiyo katika hoteli zinazoshiriki, zikiwemo hoteli nyingi ndogo zisizo na kampuni yoyote nyuma yake. Kwa msafiri wa usiku wachache, punguzo la leo linashinda. Anayelala nje usiku 30 au 40 kwa mwaka hesabu yake ni nyingine, na kwake inafaa kuchagua programu moja na kubaki nayo, maana usiku 12 huku, 9 kule na 8 kwingine haumfikishi popote.

Hapa watu hudanganywa na wingi wa namba. Marriott, Hilton na IHG hutoa pointi 10 kwa kila dola katika majina yao mengi ya hoteli, na Hyatt hutoa 5, lakini pointi ya kampuni moja haina thamani sawa na ya nyingine. Jambo la kuuliza ni pointi ngapi zinanunua usiku mmoja katika mji unaoenda kweli.

Baada ya hapo ndipo tunaangalia kama hoteli ndogo iliyokupendeza imo katika programu yoyote. Kampuni kubwa zimeunda majina ya kukusanyia hoteli ambazo mwenyewe anabaki mmiliki na jina la mlangoni linabaki lile lile, huku hesabu za pointi zikipitia kwao. Marriott ina Autograph Collection, Tribute Portfolio na Design Hotels. Hilton ina Curio na Tapestry. Hyatt ina Unbound Collection. IHG ina Vignette Collection, mbali na Kimpton na Hotel Indigo. Accor ina MGallery. Wenzetu wanaokwenda Johannesburg wanaijua African Pride Melrose Arch, iliyo chini ya Autograph Collection: jengo lina tabia yake, na bado usiku wako unaandikwa Marriott. Ila mahusiano haya hubadilika. Hoteli za Small Luxury Hotels of the World, kundi la hoteli ndogo za kifahari, zilikuwa na Hyatt tangu 2018, na mwaka 2024 zikahamia Hilton, kwa hiyo mtu aliyeshikilia orodha ya zamani angeweza kulipa usiku mzima wa gharama kubwa akidhani unahesabiwa mahali ambapo haupo tena. Thibitisha katika tovuti ya programu yenyewe siku unayoweka nafasi, na usome pia ni manufaa gani yanatolewa katika jina hilo, kwa sababu hoteli ndogo za makundi haya hazilazimiki daima kutoa yote yanayotolewa na hoteli kubwa.

Njia unayopitia kuweka nafasi ndiyo inayoangusha wengi zaidi. Mama mmoja wa idara yetu ya ununuzi alilala usiku mitano katika hoteli nzuri ya Nairobi ambayo kweli ilikuwa katika programu yake. Alifika mapokezini, akatoa namba yake ya uanachama, kijana akaiandika kwa adabu na kumshukuru. Wiki tatu baadaye hakukuwa na chochote kwenye akaunti. Jibu alilopewa lilikuwa sahihi kwa mujibu wa kanuni, ingawa lilimuuma: nafasi iliwekwa kupitia tovuti ya wakala, na bei za wakala hazipati pointi wala hazihesabiwi katika usiku wa kupanda ngazi. Namba iliyoandikwa mapokezini haikubadilisha kitu. Kwa hiyo anayetaka pointi apitie tovuti au programu ya simu ya kampuni yenye hoteli, na anayetaka punguzo la wakala achukue punguzo na asahau pointi. Vyote viwili kwa pamoja ni nadra sana kuvipata.

Kuna jambo linalotuhusu sisi Wakongo hasa, nalo ni majina. Pasipoti zetu zina jina, postnom (jina linalofuata hilo) na prénom (jina la kwanza), na fomu nyingi za kigeni zina nafasi mbili tu. Nimeona akaunti iliyofunguliwa kwa prénom na postnom, nafasi ya chumba ikawekwa na katibu kwa jina na prénom, na mfumo wa hoteli ukaona watu wawili tofauti. Amua mara moja jinsi majina yako yatakavyoandikwa, yafuate pasipoti, na mpe maandishi hayo kila anayekuwekea nafasi, pamoja na namba ya uanachama. Ikiwa ni ofisi inayolipa, ankara itolewe kwa jina la kampuni na chumba kibaki kwa jina la anayelala, kwa kuwa pointi humfuata mgeni aliyelala. Muulize mwajiri wako mapema kama anakubali uzichukue, na uulize pia hoteli kama bei ya kikundi iliyojadiliwa na kampuni inahesabiwa, maana nyingine hazihesabiwi.

Kuhusu fedha, zingatia kwamba hoteli nyingi za nje huzuia kiasi fulani kwenye kadi unapofika, zaidi ya bei ya chumba, kama dhamana. Kwa kadi ya kulipia kabla, ambayo wengi wetu tunaitumia, fedha hizo zinakuwa hazipatikani mpaka hoteli iziachie na benki ikubali, jambo linaloweza kuchukua siku kadhaa baada ya kuondoka. Uliza kiasi hicho kwa barua pepe kabla ya safari, ili usijikute una chumba na huna nauli. Kumbuka pia kwamba pointi huhesabiwa kwenye bei ya chumba bila kodi. Afrika Kusini bei zinazotangazwa huwa na kodi ya asilimia 15 ndani yake, hivyo katika bili ya randi 1,150 zinazohesabiwa ni 1,000.

Sasa nyumba yenyewe, ambayo kwangu ina uzito kuliko yote niliyoandika hapo juu. Picha za hoteli ndogo huonyesha kitanda, beseni na ua. Hazionyeshi kilicho nyuma ya ukuta. Piga simu. Uliza dirisha la chumba unachopewa linatazama wapi, kama kuna baa chini yake, kama kuna lifti, na kama mapokezi yana mtu usiku wa manane, kwani hoteli nyingine ndogo hufunga mlango na kukuachia namba ya kufungulia. Uliza kuhusu umeme kwa maneno mahususi: jenereta inawaka yenyewe au inasubiri mlinzi, na imewekwa wapi. Niliwahi kulala katika nyumba ya kupendeza ambapo ukuta wa kichwani kwangu ulikuwa ndio ukuta wa jenereta. Saa nane za usiku umeme ulikatika, glasi ya maji ikaanza kutetemeka juu ya meza ndogo, na ikatetemeka hadi alfajiri. Hakuna pointi zinazolipa usiku wa aina hiyo kabla ya mkutano wa saa mbili asubuhi. Umbali nao upime kwa njia utakayotumia kweli: kutoka uwanja wa ndege wa O. R. Tambo, Johannesburg, hadi mtaa wa Sandton treni ya Gautrain huchukua kama dakika 15, lakini haitembei usiku kucha, na ndege inayochelewa hukugeuza kuwa mteja wa teksi.

Hapa kwetu Lubumbashi mambo yana sura nyingine. Grand Karavia, kando ya ziwa, ilipata kubeba jina la Pullman la Accor, lakini ni hoteli kubwa, na hoteli nyingi za mjini zinazofaa kuitwa butiki ni za familia au za mmiliki mmoja, nazo hazimo katika programu yoyote ya kimataifa. Ukimpokea mgeni kutoka nje anayeulizia pointi, mwambie hivyo mapema asije akatafuta bure. Mwambie pia kwamba uaminifu upo, ila unatunzwa na mtu. Mwenye nyumba anayekujua baada ya safari ya pili hukupa bei ya mteja wake, hutuma gari kukupokea uwanja wa ndege wa Luano, na hukuhifadhia chumba cha upande wa bustani hata wakati wa mikutano ya madini ambapo mji hujaa. Omba bei hiyo wazi, kwa simu au kwa ujumbe, ukitaja tarehe ulizolala mara iliyopita. Si aibu kuomba, na wamiliki wengi hufurahi kuombwa na mteja anayerudi. Uliza kama kodi ya asilimia 16 imo katika bei uliyotajiwa. Kama mgeni wako atalipa kwa dola taslimu, mwonye kuhusu noti: yenye mpasuko mdogo pembeni, hata wa urefu wa punje ya mchele, hurudishwa kaunta bila mjadala, kwa hiyo azikague benki kabla hajaondoka kwao. Swali la umeme na maji liulizwe hapa kwa msisitizo kuliko popote, pamoja na saa ambazo jenereta huzimwa.

Pointi zina umri pia. Za Accor hufutika baada ya siku 365 bila shughuli yoyote, za IHG baada ya miezi 12 kwa mwanachama asiye na ngazi, na za Marriott, Hilton na Hyatt baada ya miezi 24. Anayesafiri kwa vipindi aandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu yake siku ile ile anapofungua akaunti.

Siku ya kuondoka, shuka mapokezini nusu saa kabla ya gari kufika na uombe ankara kamili ya karatasi. Tazama mambo matatu ukiwa bado umesimama pale: jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya uanachama imo, na bei ya chumba imetenganishwa na kodi na chakula. Likikosekana moja, lirekebishwe hapo hapo. Kisha piga picha ya ankara hiyo, uihifadhi mpaka pointi zionekane kwenye akaunti.