Petro Kando ya Moto wa Makaa: Jinsi ya Kuchora Kisa cha Biblia

Msanii anayetaka kuchora kisa cha Biblia mara nyingi huanzia, bila yeye mwenyewe kujua, kwenye picha iliyokwisha kuchorwa na mtu mwingine: kalenda ya ukutani aliyoizoea utotoni, kadi ya Krismasi, au mchoro wa kitabu cha mafundisho ya Jumapili. Ndiyo maana mamajusi huwa watatu siku zote, ingawa Mathayo hataji idadi yao, na hupigishwa magoti zizini ingawa yeye ameandika kwamba waliingia nyumbani. Ndiyo maana Paulo huangushwa kutoka kwenye farasi ambaye hayumo katika Matendo ya Mitume, na Isaka huchorwa kama mtoto wa miaka mitano ilhali kitabu cha Mwanzo kinasema kuni za sadaka alitwikwa yeye. Hapa nitachukua kisa kimoja tu, cha Petro kumkana Yesu uani kwa Kuhani Mkuu, nikifuate tangu kusoma hadi kupaka vanishi. Nimekichagua kwa sababu kina jambo ambalo msanii wa kwetu analijua kwa macho yake mwenyewe, nalo ni mwanga wa mkaa.

Soma kisa hicho katika Injili zote nne, ukiwa na daftari mkononi, na uandike yale tu ambayo mtu aliyekuwapo angeweza kuyaona. Utakuta kwamba Mathayo, Marko na Luka wanamketisha Petro pamoja na watumishi, ilhali Yohana anamweka amesimama akiota moto. Marko anasema Petro alikuwa chini, uani, maneno yanayodokeza kwamba Yesu alikuwa akihojiwa mahali palipoinuka. Yohana anataja baridi, na ndiye pekee anayesema kwamba moto ule ulikuwa wa makaa. Luka anaeleza kwamba kijakazi alimwona Petro ameketi mwangani mwa moto akamkazia macho, na ni Luka peke yake anayesimulia kwamba, jogoo alipowika, Bwana aligeuka akamtazama Petro. Liko pia jambo ambalo halikuandikwa lakini kalenda inalitoa: Pasaka ya Wayahudi huangukia mwezi mpevu, kwa hiyo usiku ule, kama anga halikuwa na mawingu, ulikuwa wa mbalamwezi. Mchoraji anayejaza weusi mtupu juu ya vichwa vya watu ameitupa zawadi aliyopewa bure.

Usione usomaji wa namna hii kuwa ni kazi ya wachungaji na mapadre peke yao. Sanamu maarufu ya Musa aliyoichonga Michelangelo, iliyoko katika kanisa la San Pietro in Vincoli mjini Roma, ina pembe mbili kichwani, kwa sababu neno la Kiebrania katika Kutoka sura ya 34, ambalo linakaribiana na neno lenye maana ya pembe, lilitafsiriwa hivyo katika Biblia ya Kilatini. Biblia ya Kiswahili inasema ngozi ya uso wake iling'aa. Mchongaji alikuwa fundi asiye na mfano, lakini neno moja lilitosha kumwotesha nabii pembe.

Baada ya kusoma, chagua dakika moja. Kisa husimuliwa kwa mfululizo, lakini picha haina kabla wala baada, na anayejaribu kuweka swali la kijakazi, kiapo cha Petro, jogoo na machozi katika turubai moja huishia na umati usiojulikana unafanya nini. Caravaggio, karibu mwaka 1610, katika picha ambayo sasa iko kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, alichora watu watatu tu kuanzia kiunoni kwenda juu: askari ananyoosha kidole kimoja, kijakazi vidole viwili, na Petro anageuza mikono yake yote miwili kifuani pake, kana kwamba anauliza, "Mimi?" Vidole vitatu vinavyonyooshwa vinatosha kukumbusha kwamba aliulizwa mara tatu. Rembrandt, katika picha ya mwaka 1660 iliyoko Rijksmuseum, Amsterdam, alipanua uwanja zaidi. Kijakazi ameshika mshumaa na kuukinga kwa kiganja, mwanga unamwangukia Petro kifuani na usoni, na nyuma kabisa, gizani, Yesu aliyefungwa mikono anageuza shingo kutazama. Tazama jinsi kila mmoja wao alivyoacha mengi nje, kisha uamue dakika yako. Mimi huichagua ile ya Luka, wakati Yesu anapogeuka, kwa kuwa inanipa mianga miwili isiyofanana: Petro anamulikwa na makaa mekundu kutoka chini, na Yesu, aliye kwenye ngazi, anamulikwa na mbalamwezi kutoka juu.

Sasa acha kalamu, uwashe jiko. Sehemu hii haina njia ya mkato, nami huwaambia vijana wanaokuja kujifunza kwangu kwamba usiku mmoja mbele ya jiko unafundisha kuliko picha mia za kwenye simu. Fanya kazi hiyo nje au barazani penye upepo, kamwe si chumbani mlikofungwa madirisha, kwa sababu mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo imeua watu wengi usingizini. Mketishe mtu karibu na jiko, zima taa zote za umeme, na usichore chochote kwa dakika kumi za kwanza mpaka macho yazoee. Utaona kwamba mkaa haurukiruki kama kuni. Unatulia, na wekundu wake unapanda polepole. Unamulika chini ya kidevu, chini ya pua, chini ya nyusi na sehemu ya juu ya mashavu, huku paji la uso likibaki gizani, jambo ambalo ni kinyume cha uso tuliouzoea mchana. Mtu akinyoosha kiganja juu ya makaa, ngozi katikati ya vidole inapitisha wekundu kidogo, na kucha zinang'aa kama matone. Aliyeketi mbali mara mbili ya mwenzake anapata robo tu ya mwanga, kwa hiyo wale waliosimama nyuma wanabaki kuwa mabega na kingo za vilemba. Ukiwaonyesha wote sawasawa, umeshauzima moto wako.

Aliyeketi mbele yangu ili nimchore alikuwa mzee wa mtaani kwetu, mvuvi mstaafu. Nilimpa shikamoo, nikamweleza kisa, nikamwomba anyooshe mikono yote miwili juu ya jiko kama mtu anayeota moto. Akakaa hivyo kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, ukiniuliza swali kama hilo mbele za watu, mimi nitaanza kwa kuiondoa mikono yangu hapa." Akaiondoa, mmoja akauficha kwapani, mwingine ukabaki hewani, haujui uende wapi. Mkono ule uliobaki hewani ndio ulioingia katika picha. Katika mchoro wangu wa awali Petro alikuwa ameshika kichwa, ishara ambayo kila mmoja huichora na ambayo sijawahi kumwona mtu mwongo akiifanya.

Kuhusu sura na mavazi, amua mapema kisa chako kinatokea wapi, kisha usiyumbe. Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu aliyesomea sanaa Makerere, alichora mwishoni mwa miaka ya 1950 maisha ya Yesu katika kuta za kanisa la Kianglikana la Murang'a, nchini Kenya, akaweka watu Weusi katika mandhari ya vilima vya Wakikuyu, na kuta hizo zinasadikika kwa sababu kila kitu ndani yake, tangu miti hadi nyuso, kinatoka mahali pamoja. Njia nyingine iliyo halali ni kubaki Yerusalemu ya karne ya 1, na hapo utahitaji kanzu fupi za sufu au kitani, majoho mazito ya usiku wa baridi na viatu vya kamba. Isiyofaa ni ile ya mseto, ambapo Petro amevaa kanzu ya Ghuba, askari ana kofia ya Kirumi ya filamu, na nyuma kuna mnazi. Petro kwa mapokeo ya kale ya wachoraji ana nywele na ndevu fupi za mviringo, nyeupe au kijivu, na ni vyema kuyafuata ili atambulike. Funguo ambazo wachoraji humshikisha mkononi ziache. Usiku ule hakuwa nazo.

Chora vijipicha sita au saba vidogo kama kiganja, kwa penseli, ukijaza vivuli tu bila sura, na uchague kile ambacho kinaeleweka hata ukikitazama kutoka upande wa pili wa chumba. Ndipo uandae turubai. Kitambaa cha marekani kilichokazwa vizuri kwenye fremu ya sentimita 90 kwa 120 kinatosha. Kipake kwanza gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, kisha rangi nyeupe ya msingi mara mbili, ukisugua kwa msasa laini kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Usipake rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya kitambaa kitupu, maana mafuta huozesha nyuzi baada ya miaka. Juu ya weupe huo paka kahawia nyepesi turubai nzima, kwa kuwa picha ya usiku ikianzia kwenye weupe itakudanganya katika kila rangi utakayoiweka.

Giza lisitoke katika tyubu ya rangi nyeusi. Changanya bluu nzito na kahawia ya udongo uliochomwa, ukiegemea bluu upande wa mwezi na kahawia upande wa makaa, na giza lako litakuwa na pande mbili kama ulivyoliona barazani. Paka sehemu za giza kwa rangi nyembamba na sehemu za mwanga kwa rangi nzito. Tabaka la chini liwe na mafuta machache kuliko la juu, vinginevyo la juu litakauka kwanza na kupasuka. Rangi ya akriliki inaweza kukaa chini ya rangi ya mafuta, lakini ya mafuta haikai chini ya akriliki. Makaa yenyewe yaweke mwisho kabisa, vipande vichache vya rangi ya chungwa na kimoja au viwili vya njano iliyopauka. Ukianza nayo utalazimika kuipandisha picha yote ishindane nayo. Jogoo mimi simchori. Anga likianza kupauka kidogo nyuma ya paa, msomaji wa Luka atamsikia. Vanishi isubiri miezi sita au zaidi ikiwa umetumia mafuta.

Ukiombwa kuchora ukutani, gusa ukuta kabla ya kukubali bei. Leonardo da Vinci alichora Karamu ya Mwisho kule Milano kati ya 1495 na 1498 juu ya lipu iliyokwisha kukauka, ili apate muda wa kurekebisha, na miongo michache tu baadaye rangi ilikuwa ikibanduka. Mimi nilipuuza unyevu uliokuwa ukipanda kutoka msingini katika kanisa moja, na masika ya pili yalipokwisha Yohana Mbatizaji alikuwa hana miguu. Vilevile onyesha mchoro mdogo wa rangi kwa wazee wa kanisa na mkubaliane kwa maandishi kabla hujanunua hata brashi, kwa sababu maoni juu ya sura ya Yesu hayaishi, na ni rahisi kuyasikiliza kwenye karatasi kuliko kwenye ukuta wa mita sita.

Picha ikikamilika, mwite mtoto asiyeambiwa jina la picha hiyo na umuulize anaona nini. Wangu alisema kuna babu anayeona baridi lakini anaogopa moto, na juu kuna mtu anamwangalia. Nilirudi nikapunguza mwanga kidogo kwenye joho la askari, ambaye mtoto hakumtaja na ambaye bado alikuwa aking'aa kuliko alivyostahili, nikatia sahihi.