Kuchambua mtetemo usio wa mstari kwenye springi za pikapu: hatua kwa hatua

Pikapu yenye springi za pati (mabapa ya chuma yaliyopangana) nyuma, ikipita barabara ya vumbi iliyokunjamana kama bati, haifuati kanuni moja ya mtetemo. Ikiwa tupu ina tabia yake, ikijaa ina nyingine. Ikibeba nusu mzigo ndipo inapokuwa ngumu kutabirika, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Kwenye mfumo wa mstari, kina cha mkunjo kikiongezeka mara mbili, mtetemo nao unaongezeka mara mbili, na masafa ya asili (mara ngapi kwa sekunde kitu hutetemeka kikiachwa chenyewe) yanabaki palepale. Kwenye gari letu hakuna kati ya hayo mawili linalosimama.

Hatua ya 1: Tengeneza modeli ya robo gari

Chukua gurudumu moja la nyuma na sehemu ya bodi inayolilalia. Nitatumia namba hizi za mfano: bodi kilo 400, gurudumu pamoja na nusu ya ekseli kilo 80, springi 30,000 N/m, tairi 250,000 N/m.

Kabla ya kufungua kompyuta, piga hesabu ya mkono. Bodi itacheza karibu na 1.3 Hz, gurudumu karibu na 9.4 Hz. Mikunjo ikiwa imeachana kwa sentimita 70, gurudumu litapata masafa yake kwenye mwendo wa kama kilomita 24 kwa saa. Dereva yeyote wa barabara hizo anaujua mwendo huo, hata kama hajawahi kuandika mlinganyo.

Hatua ya 2: Ingiza nguvu zisizo za mstari

Hapa usiwe na haraka. Pima kila kitu kutoka pale gari tupu linapotulia, na mbonyeo wa springi uuite x.

Msuguano kati ya pati. Uandike Fm·tanh(v/0.01), ambapo Fm ni nguvu ya juu ya msuguano, v ni kasi ya mbonyeo kwa mita kwa sekunde, na tanh ni mkondo unaopanda taratibu kutoka −1 hadi 1. Alama ya chanya na hasi peke yake itaifanya programu ikwame kila v inapovuka sifuri. Msuguano huu si jambo dogo: mkunjo ukiwa mfupi kiasi cha kushindwa kuuvunja, springi inakuwa kama imefungwa, na gari zima linarukaruka juu ya tairi kwa takriban 3.6 Hz.

Shokapu. Kwa kawaida hukaza zaidi inaponyooka kuliko inapobonyea. Weka 3,000 N·s/m kunyooka na 1,500 kubonyea. Kwa tofauti hiyo, mtetemo mfululizo huivuta bodi chini kidogokidogo.

Pati nene za chini, zile zinazosubiri mzigo. Hazifanyi kazi mpaka x ivuke pengo, tuseme milimita 40, baada ya hapo ongeza 40,000·(x − 0.04). Sasa weka mzigo wa kilo 120 juu ya gurudumu hilo. Springi itashuka milimita 39 gari likiwa limesimama. Pengo limebaki milimita moja! Kila kijituta kitalivuka, springi itakuwa laini na ngumu kwa zamu, na bodi inayovutwa chini na shokapu italiziba kabisa. Ndiyo maana napima kwanza gari la nusu mzigo. Likiwa tupu au limejaa, mara nyingi linabaki upande mmoja wa pengo na hesabu ya kawaida inakaribia ukweli.

Tairi. Linaweza kusukuma barabara, haliwezi kuivuta. Gari likiwa tupu, tairi limebonyea kama milimita 19 kwa uzito wake. Likinyooka zaidi ya hapo limeachana na ardhi, na nguvu ya mguso ni sifuri.

Hatua ya 3: Kokotoa

Lugha ya Python na maktaba yake ya hesabu, SciPy, zinatosha. Tumia solve_ivp, kitatuzi chake cha milinganyo, kwa mbinu ya Radau, na hatua isiyozidi sekunde 0.001. Tupa mizunguko ya mwanzo mpaka mtetemo utulie.

Hatua ya 4: Panda, kisha shuka

Ongeza mwendo taratibu kutoka kilomita 10 hadi 80 kwa saa. Kila mwendo mpya uanze na hali ya mwisho ya uliotangulia, usianze na sifuri. Kisha rudi chini vilevile. Mikondo miwili ya ukubwa wa mtetemo dhidi ya mwendo ikiachana mahali, mwendo huohuo una mitetemo miwili inayowezekana, na gari linaweza kuruka kutoka mmoja hadi mwingine. Anayepanda tu bila kushuka hataliona hili kamwe.

Hatua ya 5: Soma picha

Chora kasi dhidi ya mbonyeo, kisha weka nukta moja kwa kila mkunjo unaopitwa. Nukta moja: mtetemo unajirudia kila mkunjo. Mbili: unajirudia kila baada ya mikunjo miwili. Nukta zikisambaa, usitangaze vurugu (mtetemo usiojirudia kamwe) bado. Punguza hatua ya ukokotoaji, rudia kwa muda mrefu zaidi, ndipo uamue.

Hatua ya 6: Pima gari lenyewe

Funga kihisi cha mchapuko kwenye ekseli na kingine kwenye bodi, juu yake moja kwa moja. Chipu ya ADXL345 inafaa, maana inafika 16 g, yaani mara 16 ya mvutano wa dunia. Rekodi angalau mara 400 kwa sekunde, mwendo usiobadilika, mzigo uliofungwa usichezecheze. Kisha tazama mtetemo una kilele kwenye masafa gani.

Kilele cha bodi kikiwa karibu na 3.6 Hz badala ya 1.3, usikimbilie kununua shokapu mpya. Fungua pati, zisafishe kutu, zipake grisi, upime tena barabara ileile.