Jinsi ya kutafuta na kuomba karatasi za talaka Tana River (na kaunti zingine za mashinani)

Hapa Kenya hakuna ofisi moja iliyokusanya talaka zote, ati unaingia, unataja jina, unapewa cheti chako unaenda zako. Talaka inakaa pale ilipotolewa. Ukishika hilo tu ushapunguza nusu ya mahangaiko, manake wengi ninaowaona wakipoteza nauli walianza na ofisi ambayo haijawahi hata kuiona hiyo kesi.

Mimi nafanya usaidizi wa kisheria huku Tana River na hii karatasi inakwamisha watu sana, hasa akina mama. Mmoja anataka kuolewa tena na msajili wa ndoa amemwambia hawezi kupokea notisi ya ndoa bila dikrii (amri ya korti inayovunja ndoa), mwingine anataka kutoa jina la mume kwa kitambulisho, mwingine yuko Saudia au Oman na anaulizwa hali yake ya ndoa na hana cha kuonyesha. Kwa hivyo soma pole pole, ukikwama rudi juu.

Hatua ya 1: Ndoa ilikuwa ya aina gani?

Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa aina 5: ya Kikristo, ya kiserali (ile ya kwa msajili, wengine bado wanaiita ya DC), ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ya Kiislamu karatasi yake utaitafuta kwa kadhi. Hizo zingine 4 zinavunjwa na korti ya hakimu.

Kama mlioana kanisani usiende kanisani kutafuta talaka. Parokia ina kitabu cha ndoa, basi. Na wale Wakatoliki waliopata barua ya jimbo kwamba ndoa imebatilishwa, hiyo ni ya kanisa, msajili wa serikali hawezi kuitumia, bado unahitaji karatasi ya korti.

Ya kimila nitairudia huko chini, ina mambo yake.

Hatua ya 2: Kesi ilifanyiwa wapi?

Sio mlioana wapi, sio kwenu ni wapi. Kesi ilifunguliwa wapi. Tana River mahakama ziko Hola na Garsen, lakini usidhani lazima iwe mojawapo. Mtu wa Madogo au Bura ni rahisi kuwa alifungua Garissa kwa sababu ndiko gari linakoenda, mtu wa Kipini au Tarasaa alienda Malindi, na kama mume alikuwa akifanya kazi Mombasa huenda kila kitu kiko Mombasa. Mahakama Kuu ya Garsen nayo ni ya juzi juzi, kesi kubwa za zamani za huku zilikuwa zinaenda Malindi. Ikiwa hakimu alikuja kusikiza kesi kijijini kwenu na akaondoka, faili halikubaki kwa chifu, lilirudi kituo alichotoka hakimu.

Kama hujui kabisa (mfano unatafuta talaka ya wazazi wako kwa sababu ya kesi ya urithi), uliza wakili alikuwa nani, uliza shahidi wa wakati huo, na pekua yale makaratasi ya nyumbani yaliyofungwa kwa nailoni. Samansi (karatasi ya kuitwa kortini) moja tu ina jina la korti na namba ya kesi hapo juu.

Hatua ya 3: Tafuta namba ya kesi

Namba ndiyo kila kitu. Ukiwa nayo karani anajua aende shelfu gani, usipokuwa nayo ataanza kukuambia rudi wiki ijayo. Kesi za siku hizi namba yake huanza na E, maana yake imefailiwa mtandaoni, na tangu Machi 2024 mahakama zote nchini ziliingizwa kwa huo mfumo. Kwa hivyo kama kesi ni ya juzi angalia kwanza simu na imeili yako, ama umuulize wakili aingie kwa akaunti yake, pengine dikrii iko hapo hapo.

Za zamani ni rejista. Hiki ni kitabu kikubwa kinachoandikwa kwa mkono, kila mwaka una kurasa zake, na mistari inaenda: namba, tarehe ya kufungua, majina ya pande mbili, ada, na mwisho kabisa kulia matokeo. Mwombe karani akutafutie kwa mwaka, na umpe mwaka mmoja nyuma na mmoja mbele, manake watu hukumbuka mwaka walioachana na sio mwaka kesi ilipofunguliwa.

Halafu majina. Hapa ndipo watu wanaambiwa "hakuna" na kitu kipo. Athman anaweza kuwa Othman ama Uthman, Saleh akawa Swaleh, Abdalla akawa Abdullahi, na jina la Kipokomo au la Kiorma liliandikwa vile karani wa siku hiyo alivyolisikia. Mwanamke naye anaweza kuwa aliandikwa kwa jina la babake ilhali kitambulisho kina la mume. Andika kwenye karatasi kila namna jina linavyoweza kuandikwa, ya mume na ya mke, mpe karani hiyo orodha. Usimsomee kwa mdomo dirishani na watu wamepanga laini nyuma yako.

Hatua ya 4: Andika barua

Kiswahili kinakubalika, ni lugha rasmi kwa Katiba, mtu asikutishe. Iwe fupi tu:

"Kwa Msimamizi wa Mahakama, Mahakama ya Garsen. Naomba nakala iliyothibitishwa ya dikrii ya mwisho ya talaka, kesi ya talaka namba ... ya mwaka ..., kati ya ... na .... Mimi ndiye mlalamikaji (au mlalamikiwa). Naihitaji kwa ajili ya ....  Nimeambatisha nakala ya kitambulisho. Simu yangu ni ...."

Toa kopi ya hiyo barua na wakupigie mhuri wa kupokelewa, ukae nayo. Kama sio kesi yako, eleza uhusiano wako na uweke ushahidi, kwa mfano cheti cha kifo cha mzazi na cheti chako cha kuzaliwa. Kesi za kifamilia hazipewi mtu yeyote tu aliyeuliza, na ni vizuri iwe hivyo. Kama uko nje ya nchi mtume ndugu unayemwamini na barua ya idhini iliyosainiwa mbele ya wakili au ubalozi wetu, na ujue karatasi ya kutumia nje huwa inataka pia kuthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje.

Ada ya nakala ni ndogo, utapewa maelezo ya kulipa na upate risiti. Hela ya mkononi usitoe, na wale mabroka wa nje ya geti wanaosema watakuletea cheti kesho, waache, ukishikwa na dikrii feki kwa msajili shida ni yako sio yao.

Hatua ya 5: Omba karatasi iliyo sawa

Hii naomba uisome mara mbili. Hukumu sio dikrii. Na dikrii ziko mbili, ya kwanza inaitwa dikrii nisi, hiyo bado haijavunja ndoa, ya mwisho ni dikrii absoluti ndiyo imemaliza. Watu wengi sana huku waliskia hakimu akisema talaka imekubaliwa wakaenda nyumbani wakijua yameisha, na ile ya mwisho haikuwahi kuombwa. Ukifungua faili ukute nisi peke yake, wewe bado ni mke au mume wa mtu kisheria. Andika ombi hapo hapo dikrii ifanywe ya mwisho, usioe wala usiolewe kabla.

Kwa kadhi

Hola na Garsen kuna makadhi. Kama talaka ilisajiliwa utapata cheti. Shida ni talaka ya nyumbani, mume alitamka, eda ikaisha, kila mtu akaenda njia yake na hakuna aliyeandika. Hapo huombi nakala, unaomba kadhi aithibitishe, kwa hivyo nenda na cheti cha ndoa kama kipo, mashahidi waliosikia, na tarehe ya talaka karibu na uhakika. Za kabla ya 2014 ziliandikwa na wasajili wasaidizi kwenye vitabu vyao, muulize kadhi vitabu vya eneo lenu viliishia wapi.

Za kimila

Zile za zamani zilizovunjwa na wazee na mahari ikarudishwa, mara nyingi karatasi haipo na haitapatikana. Tafuta wazee walio hai, barua ya chifu, na hati ya kiapo kwa wakili. Ofisi zingine zitakubali, zingine zitakutuma kortini, na kwa sheria ya sasa korti ndiyo njia ya kumaliza ndoa ya kimila.

Faili likipotea

Usikubali jibu la mdomo. Omba waandike kwamba limetafutwa na halikuonekana. Ukiwa na hiyo barua unaweza kuomba faili liundwe upya kwa nakala zako na za wakili wa pande zote mbili. Wakinyamaza, kuna Ombudsman wa Mahakama wa kupokea malalamiko, na sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kukujibu.

Kabla hujasafiri piga simu kituoni uulize faili limetolewa kama bado, hasa msimu wa mvua, manake mto ukifurika barabara ya Garissa kuja Hola hukatika na utalala njiani bure. Na ukipewa karatasi usiondoke dirishani bila kuikagua: majina yote mawili, namba ya kesi, tarehe, mhuri, saini, na maneno ya kuthibitisha kwamba ni nakala halisi. Herufi moja ikikosewa kwa jina, irekebishwe siku hiyo hiyo ukiwa bado hapo.